Sanamu zenye Kabila, zisizo na Jina

Kuna sanamu ndogo za Urusi, za udongo mweupe ule wa vikombe vizuri vya chai, ambazo wajuzi wa sanaa huzisifu sana. Sisi tunazisifu nusu.

Zilianza katika karne ya 18, wakati wa malkia Katarina wa Pili. Kisha, toka mwaka 1907, kwa amri ya mfalme Nikolai wa Pili, kiwanda chake cha Saint-Pétersbourg kilitengeneza sanamu za makabila ya ufalme wake. Fundi Pavel Kamensky alifanya zaidi ya 70, urefu wake sentimita 40 hivi. Hakukisia kitu: alifuata mavazi yenyewe yaliyowekwa katika nyumba ya makumbusho ya mji ule. Manyoya, shanga, viatu, yote ni sawasawa. Mwindaji wa Siberia hawezi kunung'unika juu ya koti lake.

Lakini ukimwuliza, «Wewe ni nani?», ananyamaza. Ni Msamoyedi, ni Myakuti, basi. Ni mwana wa nani? Mfalme hakuhitaji kujua hayo. Alitaka kuona kabatini wingi wa watu aliowatawala.

Kwetu Kongo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1911 Mbelgiji Arsène Matton alikuja kupaka plasta nyuso za watu ili achukue sura zao kwa ajili ya makumbusho ya Tervuren. Mwaka 1913 mwenzake Paul Wissaert alichonga «mtu wa chui» mwenye makucha, anayemwinamia mtu aliyelala. Kamensky aliwapa watu wake heshima ya nguo. Wissaert alitupa hofu tu. Mwaka 2002 Chéri Samba alipiga picha ya rangi ya watu wakiivuta sanamu ile kwa kamba, hawa waitoe nje, hawa waizuie. Tangu Tervuren ilipofunguliwa tena mwaka 2018, imewekwa kando katika chumba cha sanamu zilizoondolewa.

Sasa tutazame milima yetu ya Fizi. Basikasingo walichonga wazee wao kwa mti: kichwa kikubwa, ndevu, mikono juu ya tumbo. Hakuna mtu mwenye uso wa namna ile, wala fundi hakutafuta kuufananisha. Hata hivyo wa ukoo walijua: huyu ni fulani, baba wa fulani. Daniel Biebuyck aliandika juu ya sanamu hizo katika kitabu cha mwaka 1981. Kwa macho ni duni kuliko kazi ya Kamensky, tukubali. Kwa kumjua mtu, zinaishinda kabisa.

Na leo? Nyingi ziko Ulaya, na karatasi chini yake inasema «Boyo» tu. Mzee amewekwa kabati moja na yule mwindaji wa Siberia.

Waseminari mnaorudi likizo Kilembwe, na ninyi makatekista wa Lulenge, waulizeni wazee majina ya wahenga wa kila ukoo, mkayaandike na ya baba zao, kijiji kwa kijiji.