Umeme wa Hariri na Ute wa Yai: Kazi Kubwa Ilikuwa Kwenye Kifuniko

Jenereta ndogo ya umeme wa msuguano iliyotangazwa mwaka 2012 na kundi la Zhong Lin Wang wa Georgia Tech, Marekani, ilikuwa na tabaka mbili za plastiki, poliesta na Kapton, zilizopakwa dhahabu mgongoni. Ilifanya kazi, lakini kati ya vitu hivyo hakuna hata kimoja kinachooza. Kifaa cha aina hiyo kikiwekwa ndani ya kiatu, tatizo lake ni takataka. Kikipandikizwa mwilini, mgonjwa aliyepasuliwa ili kiwekwe atapasuliwa tena ili kitolewe. Watafiti wa Beijing walitaka kumwondolea mgonjwa upasuaji huo wa pili.

Kanuni yenyewe si ngumu. Nyuso mbili tofauti zikigusana, mmoja huchukua elektroni za mwenzake. Zikiachana, chaji zilizobaki juu yake huzisukuma elektroni za elektrodi (tabaka za metali) zilizo nyuma zipite kwenye waya; zikikutana tena, mkondo hurudi ulikotoka. Pumzi au pigo la moyo linatosha kuendesha mwendo huo. Kadiri nyuso zinavyotofautiana katika kuvuta elektroni, ndivyo umeme unavyokuwa mwingi. Tefloni, kwa sababu ya florini yake, huzivuta kwa nguvu, na ndiyo maana maabara nyingi zimeizoea.

Vitu vya asili havina florini. Vingi vimejaa oksijeni na naitrojeni za aina inayotoa elektroni kwa urahisi, hivyo hurundikana upande mmoja na tofauti kati yake huwa ndogo. Mwaka 2018 kundi la Zhou Li wa Beijing lilichukua vitu vitano: selulosi, kitini (ile ya maganda ya kamba na kaa), faibroini ya hariri, karatasi ya mchele na ute wa yai. Wakavipanga kwa mfuatano wa uwezo wake wa kutoa au kupokea elektroni, kisha wakavijaribu viwili viwili. Kundi la Xudong Wang huko Wisconsin lilipita njia nyingine: lilibadili selulosi yenyewe, sehemu moja ikapachikwa vikundi vya nitro na nyingine vya methili, selulosi ikawa mwenza wa selulosi. Naistahi sana akili hiyo, ila selulosi yenye nitro ni jamii moja na baruti isiyo na moshi, na sidhani kama ina nafasi karibu na moto au ndani ya mtu.

Hata hivyo, uteuzi wa nyuso ndio uliokuwa rahisi. Ugumu wenyewe ni maji. Maji ndiyo yanayotakiwa kukiyeyusha kifaa, na maji hayo hayo yakipenya mapema huifuta chaji kabla haijafanya kazi. Elektrodi za magnesi za kifaa cha Beijing nazo ni nyembamba mno; zikiguswa na majimaji ya mwili hugeuka haidroksidi na kutoa gesi ya haidrojeni. Kwa hiyo kinachoamua uhai wa kifaa ni kifuniko chake. Katika toleo lao la 2016, lililofikia takriban volti 40, kundi hilo la Beijing lilitumia polima zinazoyeyuka mwilini, zikiwemo za jamii ya nyuzi za kushonea vidonda. Mwaka 2018 wakahamia kwenye hariri. Hariri ikilowekwa kwenye methanoli, minyororo ya protini yake hujipanga katika matabaka yaliyobanana na maji hupenya kwa shida zaidi. Kwa kurekebisha kifuniko hicho waliweza kuamua kama kifaa kidumu siku chache au wiki kadhaa, kisha kikayeyuka chote ndani ya panya wa maabara. Kwangu mimi huo ndio ushindi wa kazi ile: kukipangia kifaa siku ya kufa.

Takwimu zao za 2018 zisomwe kwa uangalifu. Kilele cha volti 55 hupatikana sakiti ikiwa wazi, na kile cha maikroampea 0.6 hupatikana ikiwa imefungwa bila mzigo. Hazitokei pamoja, wala huwezi kuzizidisha ukapata nguvu halisi. Kipimo cha haki ni miliwati 21.6 kwa mita ya mraba, yaani takriban maikrowati 2 kwa sentimita ya mraba. Haiwashi taa ya kusomea. Lakini ilitosha kuharakisha mapigo ya seli za moyo zilizodhoofika na kuyafanya yaende pamoja, na kazi hiyo ni kubwa kuliko taa.

Nje ya mwili, uangalifu huu hulegea. Mwaka 2021 watafiti wa ETH Zürich na Empa, Uswisi, walitengeneza mbao za sakafu zinazozalisha umeme zinapokanyagwa. Kipande kimoja kilipakwa silikoni, kingine kikaoteshewa fuwele ndogo za zinki na kampaundi ya kikaboni, na umeme ukawa mara 80 ya ule wa mbao tupu. Ni kazi nzuri. Lakini silikoni si chakula cha kuvu na bakteria kama ulivyo ubao, na watafiti wenyewe walisema wanatafuta mipako inayofaa zaidi kwa mazingira. Mpaka ipatikane, kinachooza pale ni mbao tu.

Basi ukikutana na kifaa kinachosifiwa kuwa kinaoza, uliza kwanza kuhusu elektrodi, gundi na kifuniko. Volti uzisome baadaye.