Mtu wa Kaiser, au mtu wa nani?



Hapa Minneapolis kisa cha Profesa William Schaper husimuliwa kama mfano wa haki iliyochelewa lakini ikafika. Mimi nakataa. Naomba mnivumilie, maana kinatugusa sisi tulio ugenini kuliko tunavyodhani.

Kwa wasiokijua: Schaper, mtu wa asili ya Kijerumani, alikuwa mkuu wa idara ya sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na alikwisha fundisha hapo zaidi ya miaka kumi. Aprili 1917 Marekani ikaingia vitani na Ujerumani; ni vita vilevile vilivyowabebesha babu zetu mizigo kule Tanganyika. Jimbo likaunda Kamisheni ya Usalama wa Umma, nayo ikakipasha chuo kwamba kina walimu wasio waaminifu kwa nchi. Tarehe 13 Septemba 1917 Schaper akaitwa kwa simu mbele ya Baraza la Chuo, hata mashtaka hajayaona. Akasema kweli yake: alipinga nchi kuingia vitani, na ikishaingia hatazuia kitu, ila kuvipigia debe vita hawezi kwa sababu ana jamaa Ujerumani. Kwa maelezo yake mwenyewe, mjumbe mmoja, wakili Pierce Butler wa St. Paul, alimtamkia kwamba yeye ni mtu wa Kaiser. Kazi ikaisha siku hiyohiyo.

Sasa tazameni alifukuzwa kwa kosa gani. Hakuna aliyetoa barua kutoka Berlin, wala pesa, wala amri. Azimio la Baraza lilitaja mwelekeo wa akili yake. Yaani mtu aliulizwa moyo wake uko wapi, akajibu ukweli, na ukweli ukawa ndio ushahidi. Jamani, nani kati yetu mwenye mama Tanga au Lamu na watoto St. Paul angelijibu swali hilo akasalimika?

Na hiyo haki iliyofika? Schaper alipata tena kiti cha ualimu mwaka 1925, Oklahoma. Butler naye mwisho wa 1922 alithibitishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ingawa kisa hiki kilitajwa na waliompinga. Mwaka 1938 Baraza jipya lilifuta uamuzi, likampa Schaper dola 5,000 na cheo cha profesa mstaafu wa heshima, na likatangaza kulinda uhuru wa wasomi. Jambo jema, sikatai. Lakini ni miaka 21! Aliyetuhumu hakulipa hata senti.

Msiseme haya ni mambo ya Wazungu. Mchukueni Ali Mazrui wetu wa Mombasa. Mwaka 1966, akiwa Makerere, aliandika katika jarida la Transition makala ya kumkosoa Nkrumah, na wengi wakamwona anawatumikia mabeberu. Mwaka uliofuata ikafichuka kwamba jarida lilipata fedha kupitia taasisi iliyofadhiliwa na CIA, basi maneno yakazidi. Haya. Mwaka 1986 Mazrui yuleyule akaonyesha kwenye televisheni mfululizo wake juu ya Waafrika, na mara hii mkuu wa mfuko wa serikali ya Marekani uliosaidia kuulipia, Lynne Cheney, akausema kuwa ni shutuma dhidi ya Magharibi, akataka jina la mfuko litolewe. Mtu mmoja, kalamu moja: huku kibaraka wa Magharibi, kule adui wa Magharibi.

Sisemi ushawishi wa nje haupo. Fedha za CIA zilikuwepo, na ilikuwa haki kuuliza nani alijua na nani alipokea. Hilo ni swali lenye stakabadhi. Hujibiwa kwa karatasi. Lakini fedha za mwenye jarida hazitwambii kama makala ya Mazrui ilikuwa sahihi au pumba. Hilo hujibiwa kwa kuisoma.

Nami sijitoi. Miaka kadhaa nyuma, kwenye karamu moja huku St. Paul, nilimwita msomi mwenzangu kibaraka kwa sababu ya makala aliyoandika kuhusu uchaguzi wa nyumbani. Watu wakacheka, nikajiona hodari. Makala yenyewe nilikuwa sijaimaliza. Neno likatangulia mbele yake kila alipokwenda, na sina Baraza la kulifuta.

Nilimpigia simu baadaye. Alinisikiliza, akaniuliza jambo moja tu: "Sasa umeisoma?"

Nimeisoma. Bado sikubaliani naye, na safari hii naweza kusema kwa nini.

Wasalaam.