Ubahili wa Mafundi wa Mawimbi

Pakiti ya kawaida ya ExpressLRS, programu huria ya rimoti za droni, ina baiti 8 tu. Mikondo minne ya vijiti vya rubani hupewa biti 10 kila mmoja. Biti 14 hukagua kama ujumbe umefika salama. 2 hutaja aina ya pakiti. 8 zinazobaki ni za swichi, na swichi nyingi hupokezana zamu. Hakuna biti iliyokaa bure. Barua zetu za ofisini, zenye aya nzima ya salamu, mafundi hawa wangezikata zikabaki saini.

Ubahili huo una sababu. Droni nyingi zilifungwa redio mbili: moja, kwa kawaida ya GHz 2.4, ya kupokea amri, na nyingine ya MHz 433 au 915 ya kurudisha telemetria, yaani volti za betri, kimo, na mahali ilipo. Antena mbili, nyaya mbili, uzito juu ya uzito. Kuziunganisha ziwe kiungo kimoja ni jambo jepesi kulitamka, ila redio ndogo za aina hii haziwezi kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Ni daraja la gari moja: wa ng'ambo akivuka, wa huku hungoja. Ufundi wote umo katika kupanga nani avuke lini.

ExpressLRS humpendelea rubani. Ikipangwa 1:64, katika kila zamu 64 droni hupata moja tu. Mshindani wa mbio haoni tatizo. Anachotaka ni vijiti vitii papo hapo, hata mara 500 kwa sekunde. Lakini droni inayojiendesha kwa programu ya ArduPilot huongea MAVLink, itifaki iliyoanzishwa na Lorenz Meier mwaka 2009, nayo ni ya maneno mengi: ujumbe mmoja wa MAVLink 2 waweza kufika baiti 280. Hapo ndipo ninapoipenda zaidi mLRS, mfumo mwingine wa redio, kazi ya fundi ajulikanaye kwa jina la OlliW. Kwake kila zamu ina kwenda na kurudi. Kwa kasi ya Hz 50, ndani ya milisekunde 20 amri imepanda na droni imekwisha jibu. Ukitaka kufika mbali zaidi, unashuka hadi 31 au 19, maneno yakatamkwa polepole ili yasikike.

Wapo wanaopinga: kiungo kimoja kikikatika, vyote vimekwenda. Ni kweli, na kwa droni yenye mzigo wa thamani ningefunga redio ya akiba bila kubishana. Ila redio mbili nazo zina fumbo lao: amri zikipotea huku telemetria ikiendelea kutiririka, droni irudi nyumbani au iendelee na safari? Mwenyewe lazima awe ameamua kabla ya kuirusha. Kwenye kiungo kimoja swali hilo halizuki. Pakiti zikikoma, ArduPilot iliyopangwa vizuri hugeuza droni na kuirudisha ilikorukia.