Vidole Viwili vya Django, na Mkono Tuliousahau

Kila anayemtaja Django Reinhardt huanza na vidole. Moto, mkono ulioungua, vidole viwili vilivyosalia, halafu muujiza. Kisa chenyewe ni cha kweli, ila kwa mtu anayetaka kujua muziki ule ulipigwaje hakimsaidii sana, kwa sababu ukishasema muujiza mazungumzo yameisha. Mimi naona tumekuwa tukiukodolea macho mkono usio wenyewe. Kazi kubwa aliifanya kwa mkono wa kulia. Moto haukuulemaza mkono huo, na kabla ya moto ulikuwa tayari umefundwa na kumbi za dansi za Paris.

Jean Reinhardt, ambaye nduguze walimwita Django, alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 katika kijiji cha Liberchies, Ubelgiji. Familia yake ilikuwa ya Waroma wa kundi la Manouche, watu wa kuishi ndani ya magari ya kukokotwa na farasi, na alikulia kwenye kambi zao pembezoni mwa Paris. Shule hakwenda kwa maana yoyote. Akiwa na miaka 12 hivi alipata banjo ya nyuzi sita iliyotyuniwa kama gitaa, na kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa analipwa kupiga kwenye kumbi za bal-musette, kando ya wapiga kodiani. Mwaka 1928 akaingia studio kwa mara ya kwanza kumsindikiza mpiga kodiani Jean Vaissade. Kwenye santuri jina lake liliandikwa "Jiango Renard".

Hizo kodiani ndizo ufunguo. Kodiani ina sauti nene, na ukumbi wa dansi una kelele zake: viatu, vicheko, glasi. Vipaza sauti havikuwepo. Mpiga banjo asiyesikika hakuitwa kesho yake. Kijana huyo akajenga pigo la mkono wa kulia lenye nguvu ya kupenya vyote hivyo, akiwa na vidole vyake vyote vitano vya kushoto vizima.

Miezi ya mwisho ya 1928 moto ukazuka ndani ya gari walimoishi na mkewe Bella. Ndani mlikuwa na maua ya seluloidi ambayo mkewe alikuwa akiyatengeneza ili ayauze, na seluloidi huwaka kama petroli. Django aliungua mguu wa kulia na mkono wa kushoto. Madaktari walitaka kuukata mguu, akakataa. Alikaa takriban mwaka mmoja na nusu akijiuguza, na ndugu yake Joseph akamletea gitaa. Kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto vilikunjamana kwa sababu kano zilijikaza, wala havikunyooka tena. Vikabaki shahada na kidole cha kati vya kutembelea shingo ya gitaa, pamoja na dole gumba.

Sasa tuangalie mikono yenyewe. Ipo filamu fupi ya dakika chache iitwayo Jazz "Hot", iliyopigwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na kamera inamsogelea kweli. Wengi wakiitazama hufuata mkono wa kushoto. Rudia, safari hii funika upande huo kwa kiganja. Utaona kifundo cha mkono wa kulia kimepinda kwenda nje, kiganja kikiwa hewani bila kuegemea popote kwenye mbao. Piki, kile kibapa cha kukwanyulia nyuzi, inashuka kwa uzito wa mkono, inaukwanyua uzi, kisha haiishii hewani: inakwenda kutua juu ya uzi unaofuata. Ndipo sauti ile inapotoka, nene na yenye makali, kwa sababu uzi umesukumwa kuelekea tumbo la gitaa badala ya kukwaruzwa juujuu.

Mbinu hiyo ina sheria moja kali: kila unapohamia uzi mwingine, pigo la kwanza ni la kushuka. Hata kama pigo lililotangulia lilikuwa la kushuka vilevile. Mwalimu wa kawaida wa gitaa angekuambia upishanishe, chini juu, chini juu, ili usipoteze muda. Kwa mtindo wa Django unapoteza muda kidogo ila unapata sauti, na unapopanda kutoka nyuzi nene kwenda nyembamba hupotezi hata huo muda, maana piki imeshatua kwenye uzi unaoutaka. Kurudi kutoka nyuzi nyembamba kwenda nene ndiko kugumu, kwa sababu mkono hauna budi kuinuka na kuuruka uzi kila mara. Wanaojifunza mtindo huu hukwama hapo.

Mkono wa kushoto ulilazimika kufanya jambo ambalo vitabu vya mafunzo havikulifikiria. Kitabu kinasema kila kidole kichukue freti yake, mkono ukae mahali pamoja, na noti zitafutwe kwa kuvuka nyuzi. Kwa vidole viwili haiwezekani. Django akabadili mwelekeo wa safari: badala ya kuvuka shingo, akawa anaifuata kwa urefu wake. Noti mbili kwenye uzi mmoja, mkono unateleza, noti mbili kwenye uzi wa pili, unateleza tena.

Mwenye gitaa alishike, tujaribu njia yake mojawapo. Chukua kordi ya E7, ile inayokurudisha nyumbani ukiwa kwenye A ndogo. Juu yake Django alipenda kutandaza noti nne: G kali, B, D na F. Wanamuziki huita hiyo kordi ya diminishi, na sifa yake ni kwamba kutoka noti moja hadi nyingine ni freti tatu kamili, daima. Weka shahada kwenye freti ya 4 ya uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, na kidole cha kati kwenye freti ya 7. Nenda uzi wa tano: freti ya 5 na ya 8. Wa nne: 6 na 9. Wa tatu: 7 na 10. Kuingia uzi wa pili unaruka freti mbili badala ya moja, kwa sababu ya namna gitaa linavyotyuniwa: 9 na 12. Uzi wa kwanza: 10 na 13. Umepiga noti kumi na mbili, umepanda karibu oktava tatu, umeipita sehemu kubwa ya shingo, na vidole vyako viwili havikubadili umbo hata mara moja. Kila uzi umepewa pigo la kushuka kisha la kupanda, jambo linalokwenda sambamba na sheria ya mkono wa kulia. Mikono miwili imeelewana.

Kutanua vidole tu ndiyo shida. Freti tatu kati ya shahada na kidole cha kati si mchezo kwenye gitaa la Selmer alilolitumia, ambalo nyuzi zake zilikuwa na urefu wa sentimita 67 kutoka kichwani hadi kwenye daraja. Viganja vyake vilikuwa vikubwa, na hilo tusilifiche.

Kwenye kordi, vile vidole vilivyokunjamana havikukaa bure kama inavyosimuliwa. Viliweza kuegemea nyuzi mbili nyembamba, na dole gumba likazunguka shingo kwa juu kushika nyuzi za besi. Hivyo alihitaji kordi za noti nne tu, zenye maana nyingi. Mfano mzuri ni kordi ya A ndogo yenye noti ya sita. Bonyeza freti ya 5 kwenye uzi wa sita, ya 4 kwenye wa nne, ya 5 kwenye wa tatu na wa pili. Uzi wa tano na wa kwanza uzinyamazishe. Noti unazopata ni A, F kali, C na E. Lakini noti hizohizo, besi akipiga D, ni kordi ya D yenye noti ya tisa. Umbo moja lina kazi mbili, na besi ndiyo inayoamua.

Hapo ndipo Minor Swing, iliyorekodiwa Novemba 1937, inapoeleweka. Wimbo huo hauna hata melodi ya kueleweka. Ni kordi tatu zilizopangwa katika vipimo 16, na mwito mfupi unaoitikiwa. Anayetaka anaweza kuusindikiza wote kwa umbo lile moja: freti ya 5 kwa A ndogo, ya 10 kwa D ndogo, na ya 7 kwa E, kwa kuwa B ndogo yenye noti ya sita juu ya besi ya E inageuka kuwa E yenye noti ya tisa. Sidai kwamba Django aliusindikiza hivyo kila mara. Nasema muziki wake ulikuwa na njia za aina hiyo, na mtu mwenye vidole vichache huzijua mapema kuliko sisi tuliojaliwa vingi.

Kundi lenyewe, Quintette du Hot Club de France, liliundwa Paris mwaka 1934. Django alipiga solo, Stéphane Grappelli fidla, Joseph Reinhardt na Roger Chaput magitaa ya ridhimu, Louis Vola besi. Ngoma hazikuwepo, wala tarumbeta, katika zama ambazo jazi bila tarumbeta ilionekana kama utani. Wapiga ridhimu wawili ndio waliokuwa ngoma. Mtindo wao Wafaransa wanauita la pompe: pigo la pili na la nne linakatwa kavu, mkono wa kushoto ukilegea mara tu baada ya pigo ili nyuzi zife papo hapo. Ukisikiliza santuri za Ultraphone za Desemba 1934 utasikia mashine hiyo ikitembea, na juu yake Django hatulii: Grappelli akishika solo, yeye anamtupia kordi za kutetemesha, anashusha mstari wa besi, anapiga oktava kwa nguvu kana kwamba kuna safu ya tarumbeta nyuma yake. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong na kiongozi wa bendi Duke Ellington alikuwa ameshawasikia kwenye santuri tangu 1931 huko Toulon, kwa mchoraji Émile Savitry, na nadhani tarumbeta ile ndiyo aliyoitafuta kwenye gitaa maisha yake yote.

Vita vilipoanza 1939 walikuwa London. Grappelli akabaki, Django akarudi Ufaransa. Huko chini ya Wanazi, Waroma walikuwa wakikamatwa na kufungiwa kambini. Django, akiwa Mroma maarufu kuliko wote Ulaya, aliendelea kupiga Paris. Mwaka 1943 alijaribu kuvuka kuingia Uswisi, akashindwa. Kabla ya hapo, fidla kwenye kundi lake alikuwa ameibadilisha kwa klarineti, na ndivyo ilivyopatikana rekodi ya Nuages ya Desemba 1940. Ndani ya solo yake mna kipande anachokipiga kwa harmoniki, noti zile nyembamba kama kengele zinazotoka uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa. Hakuna haja ya kasi pale, wala mtu hafikirii vidole vingapi vinatumika.

Mwaka 1946 alikwenda Marekani kuzunguka na bendi ya Duke Ellington, akapewa gitaa la umeme. Wengi husema alipotea hapo. Mimi siafiki. Chombo cha umeme kilimwondolea ile kazi ya kushindana na kodiani, na baada ya miaka michache akajua la kufanya na uhuru huo. Sikiliza alichorekodi Machi na Aprili 1953, Aprili akiwa na kijana Martial Solal kwenye piano. Misemo ni mifupi, kuna mapengo ya kimya, kuna noti za bibopu, ile jazi ya kisasa ya wakati huo, na pigo la kushuka bado limo ingawa sasa halipigi kelele. Wapenzi wa Minor Swing huziruka hizo rekodi, na wanakosa kitu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 16 Mei 1953, alifariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na miaka 43.

Ushahidi wa mwisho wanautoa waliomfuata. Biréli Lagrène na Stochelo Rosenberg, nao wa jamii ya Waroma, wana mikono mizima, na bado utawaona wakipita njia nyingi zilezile za shahada na kidole cha kati, wakiteleza kwa urefu wa shingo. Wanapita humo kwa sababu njia hizo zinalingana na mkono wa kulia. Njia iliyobuniwa kwa ajili ya kilema ingeachwa na wazima, hii haijaachwa.

Kwa hiyo kama una gitaa na umevutiwa, tafadhali usifunge vidole viwili kwa plasta, kama wengine wanavyojaribu. Tafuta piki nene isiyopinda, inua kiganja kutoka kwenye mbao, na upige uzi mmoja kwa kushuka mpaka piki izoee kutua kwenye uzi wa pili bila kuambiwa. Vidole vya kushoto vitasubiri.