Haramia Hana Sare

Kama umewahi kuangalia dokumentari ya maharamia kwenye televisheni, mwanzo wake unaujua. Ukungu juu ya maji, ngoma nzito, halafu sauti ya kukwaruza inakuahidi siri iliyofichwa miaka 300. Kisha anatokea jamaa mwenye kitambaa chekundu kichwani, jicho moja limefunikwa, kasuku yuko begani. Hajafanya lolote bado, lakini wewe umeshajua huyo ni nani.

Mojawapo ya hizo niliiangalia Muleba wakati wa likizo, nimekaa na baba yangu mdogo ambaye amevua miaka mingi kwenye kambi za visiwani upande wa Bumbire. Alitazama kimya mpaka matangazo yalipoingia. Kisha akasema: "Mwanangu, hawa unawaona toka mbali. Waliotuchukulia injini sisi tulidhani wamekuja kuomba mafuta."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Dokumentari hizi zinatufundisha kumtambua haramia kwa mavazi yake. Tukishajifunza hivyo, maswali ya maana yanatupita: nani aliibiwa? Aliibiwa nini? Na nani alikuwa na nguvu ya kumwita mwenzake haramia?

Nguo zimetoka wapi?

Tuanze na hizo nguo. Sehemu kubwa ya sura tunayoijua imetokana na mchoraji mmoja wa Marekani, Howard Pyle, aliyefariki mwaka 1911. Kitambaa kichwani na mshipi mpana wa nguo kiunoni ni michoro yake iliyovieneza. Pyle hakumwona haramia hata mmoja wa hao aliowachora. Walikuwa wamekufa zaidi ya miaka 100 kabla hajazaliwa. Kasuku na ramani ya hazina yenye alama za msalaba vilienezwa na riwaya ya Robert Louis Stevenson ya mwaka 1883, ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kuwa Kisiwa Chenye Hazina. Ile lafudhi ya kukwaruza nayo ni ya mwigizaji Robert Newton, katika filamu ya Disney ya mwaka 1950 iliyotokana na riwaya hiyo hiyo.

Maharamia wengi wa miaka ya 1700 walikuwa mabaharia wa kawaida kabla ya kuanza kupora, na walivaa walivyovaa mabaharia: shati, koti fupi, suruali pana. Ungewakuta bandarini usingewatofautisha na wengine.

Tuwe wakweli, dokumentari nyingi hulisema hilo. Mwanahistoria anaketi mbele ya kabati la vitabu na kueleza kuwa ushahidi wa mavazi yale haupo. Dakika mbili baadaye waigizaji wanarudi na vitambaa vyao vyekundu, wanapigana majambia. Sikio limeambiwa jambo moja, jicho linaonyeshwa jingine. Unadhani mtazamaji atakumbuka lipi?

"Inawezekana" si "ilitokea"

Chukua kile kitambaa cha jicho. Kuna maelezo yanayopendwa sana: kwamba haramia alifunika jicho moja ili lizoee giza, akishuka ndani ya meli akifunue aone vizuri. Sayansi yake ni ya kweli. Jicho lina seli za mwanga hafifu zinazotumia kemikali iitwayo rodopsini. Mwanga mkali unaivunja, na kuijenga tena gizani huchukua karibu nusu saa. Wavuvi wetu wa dagaa hawahitaji kusomewa hilo. Ukishaitazama taa ya kuvulia, ukigeuka upande wa giza huoni kitu.

Mwaka 2007 kipindi cha MythBusters kilijaribu wazo hilo kwa kuwaingiza watu kwenye chumba chenye giza. Aliyefunika jicho aliona vizuri zaidi. Hukumu yao ilikuwa ya kiungwana: inawezekana. Tatizo limekuja baadaye, pale watu walipoichukua "inawezekana" wakaigeuza "ndivyo ilivyokuwa".

Hebu fikiria hivi. Mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka Bukoba mpaka Muleba mjini. Inawezekana kabisa, na unaweza kupima itamchukua saa ngapi. Lakini kipimo hicho hakithibitishi kwamba jirani yako alitembea juzi. Jaribio linakueleza mwili unaweza nini. Kama watu wa miaka 300 iliyopita walifanya hivyo, hapo unahitaji hati, michoro ya wakati ule au vitu vilivyochimbuliwa. Kwa kitambaa cha jicho, ushahidi wa aina hiyo haupo.

Kengele na kipande cha risasi

Ushahidi mzuri unafananaje? Mwaka 1984 mzamiaji Mmarekani Barry Clifford alipata mabaki ya meli Whydah karibu na Cape Cod, Marekani. Meli hiyo ya haramia Samuel Bellamy ilizama kwa dhoruba mwaka 1717. Mwaka uliofuata ilipatikana kengele iliyochorwa jina la meli. Hapo ubishi ukaisha.

Jina lenyewe linatoka Ouidah, mji wa Benin ya leo, kwa sababu Whydah ilijengwa kubeba watumwa. Bellamy aliiteka ikiwa imeshawauza mateka katika visiwa vya Karibi. Na kati ya dhahabu iliyotolewa majini kuna vipande vya mapambo ya Waakan wa Afrika Magharibi. Kwa hiyo "hazina ya haramia" ilikuwa imeshapita mikononi mwa wafanyabiashara wa watu kabla haramia hajaigusa. Ukitengeneza filamu kuhusu meli hiyo ukamaliza muda wako kwenye panga na bendera ya fuvu, umeliacha jambo kubwa kuliko yote.

Mwaka 2015 Clifford huyo huyo alikuwa Madagaska, kisiwa cha Sainte-Marie, na wapiga filamu wakiwapo. Alitoa majini kipande kizito, kama kilo 50, akatangaza kuwa ni fedha ya Kapteni William Kidd, yule aliyenyongwa London mwaka 1701. Habari ikazunguka dunia. Miezi michache baadaye wataalamu wa UNESCO wakatoa majibu yao: kipande kilikuwa asilimia 95 risasi, fedha hakuna, na yale yaliyodhaniwa kuwa mabaki ya meli yalikuwa sehemu ya ujenzi wa bandari iliyobomoka.

Mzamiaji ni yule yule. Mara ya kwanza kitu kilichopatikana kilijitaja jina chenyewe. Mara ya pili tangazo lilitoka kabla ya kipimo. Kamera haipendi kusubiri maabara.

Bumbire, 1875

Sasa turudi nyumbani, maana swali la nani anamwita nani haramia tunalo hapa hapa ziwani.

Aprili 1875 Henry Morton Stanley, akizunguka Ziwa Victoria kwa boti yake Lady Alice, alifika Bumbire, kisiwa ambacho leo kiko Wilaya ya Muleba. Kwa maelezo yake mwenyewe, wenyeji waliivuta boti nchi kavu na kuchukua makasia. Yeye na watu wake waliisukuma majini wakatoroka, huku akiwafyatulia risasi waliowafuata. Agosti alirudi na mamia ya watu kwenye mitumbwi. Alipanga mitumbwi mbele ya ufuko na kuwapiga kwa bunduki, kutoka majini, watu waliokuwa na mikuki na pinde. Makumi walikufa. Alipoandika habari hiyo magazetini, hata Uingereza kwenyewe wapo waliomlaumu vikali.

Fikiria wageni wenye silaha wanakuja kwa maji, wanawaua watu wa pwani, kisha wanaondoka. Tendo hilo lingefanywa na mtu mwenye kitambaa chekundu kichwani tungeliitaje? Lakini Stanley anakuja kwenye filamu akiwa na kofia ya mpelelezi, na watu wa Bumbire ndio wanaobaki wakali. Sisemi kuchukua makasia ya mtu ni sawa. Nasema mavazi yameshaamua kesi kabla hujasikiliza upande wa pili.

Injini moja

Baba mdogo na wenzake walivamiwa usiku. Boti ilisogea taratibu, taa imezimwa, mtu akaomba mafuta kwa sauti ya kawaida kabisa. Waliondoka na injini na nyavu. Wenye mtumbwi walielea mpaka asubuhi walipovutwa na wavuvi wengine. Hawakupigwa, na hilo wanalihesabu kuwa bahati. Ila injini ilikuwa ya mkopo, na mkopo hauibiwi. Walilipa miaka miwili kwa kitu ambacho hawanacho.

Kisheria hata jina ni tatizo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ibara ya 101, unahesabu uharamia kuwa ni ule unaofanyika bahari kuu, nje ya mamlaka ya nchi yoyote. Ziwa Victoria, lenye karibu kilomita za mraba 68,800, limegawanywa lote kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Kwa hiyo aliyempora baba mdogo, kwa kipimo cha mkataba huo, si haramia. Ni mnyang'anyi mwenye silaha.

Kiswahili kinaona tofauti. Neno haramia linatokana na Kiarabu, mzizi ule ule wa haramu. Ndani yake hakuna bahari, hakuna kasuku. Linatazama tendo.

Basi ukikaa tena mbele ya dokumentari ya namna hii, iwe sebuleni au kwenye kibanda umiza, usiizime. Nyingine ni nzuri, na mabaki yanayotolewa majini ni elimu ya kweli. Ila jiulize: kitu hiki kimepimwa, au kimetangazwa tu? Wanasema ilitokea, au inawezekana? Na yule aliyeporwa, wamempa dakika ngapi za kuongea?

Ile tuliyoiangalia Muleba ilikwenda karibu saa nzima. Ilipoisha baba mdogo aliuliza swali moja tu, nikakosa jibu: "Sasa wale wenye meli, walifikaje nyumbani?"