Mti wa Mbele Hugongwa Kwanza

Mchoraji wa rangi za mafuta anaweza kuanza na anga. Akimaliza bluu yake hushusha milima, huja na mashamba, na mwisho kabisa huweka mti ulio karibu, juu ya vyote vilivyotangulia. Mtengeneza kadi kwa mihuri hana nafasi hiyo. Wino wake ni mwembamba na haufuniki kitu. Akigonga mti juu ya nyumba, dirisha la nyumba litachungulia katikati ya shina. Kwa hiyo yeye huanza na kilicho karibu. Hugonga mti, akauziba kwa kikaratasi kilichokatwa kwa umbo la mti uleule, kisha hugonga nyumba, nusu yake ikiangukia kwenye kadi na nusu kwenye kizibo. Kizibo kikibanduliwa, nyumba imekaa nyuma ya mti. Huviziba vyote viwili, ndipo aguse kilima. Anga huja mwisho.

Nimemtazama mwalimu mmoja mstaafu akifanya hivi jioni nyingi, na kila mara natamani kumzuia mkono. Mti ulio peke yake katikati ya karatasi tupu, hauna hata ardhi ya kusimama, unaonekana kama umekosewa. “Ngoja, mwanangu,” husema bila kuinua macho, “ardhi inakuja.” Yeye kadi ameshaimaliza kichwani, kilichobaki ni kuifuata. Penseli ina raba yake, rangi ya mafuta hukwanguliwa, lakini muhuri ukishagusa karatasi umesema, na hakuna wa kuyarudisha maneno.

Kisanduku chake kimejaa mihuri ya mashambani: banda la ng'ombe, uzio wa mbao, msonobari, mwaloni uliopukutika majani, mnara wa kanisa, daraja la mawe, kondoo watatu waliosimama pamoja. Mingi imetoka Uingereza na Marekani, ambako kutengeneza kadi kwa mihuri ni burudani ya watu wengi, na mihuri yake huchongwa kwa ajili hiyo tu. Hakuna hata mmoja unaobeba mandhari nzima. Kila muhuri ni kitu kimoja, na kazi ni kuvikutanisha vitu hivyo mpaka vikubali kuwa mahali pamoja, chini ya mwanga mmoja.

Kwetu muhuri ni chombo cha mamlaka. Ofisa mtendaji ana wake, mwalimu mkuu ana wake, na barua isiyogongwa humrudisha mtu nyumbani kwa miguu. Napenda kumwona mama huyu akikaa mezani na mpira uleule, wino uleule, akigonga kondoo.

Kazi huanza kwenye karatasi. Ile ya ofisini, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, haifai. Hulegea na kujikunja wino unapoingia. Yeye hutumia ya gramu 300 hivi. Karatasi ya A4 ikikatwa katikati na kila nusu ikakunjwa, hupatikana kadi mbili za ukubwa wa A6, ambazo huingia bila taabu katika bahasha ya milimita 114 kwa 162. Kukunja nako kuna adabu yake. Nyuzi za karatasi ya kiwandani hulala zaidi upande mmoja, na karatasi nene ikikunjwa kwa kuzikatiza nyuzi hizo, mkunjo hupasuka na kuonyesha manyoya. Mwalimu huipinda karatasi taratibu, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuikunja, akisikiliza ni upande upi unaokubali. Akishaujua, huweka rula na kuchora mfereji kwa kalamu ya biki iliyokwisha wino. Zipo zana za mfupa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Biki yake inatosha.

Kisha wino. Upo ule mwepesi unaonywewa na karatasi na kukauka upesi, na upo mzito, wenye chembe za rangi, unaobaki juu ya karatasi ukiwa mbichi kwa muda. Mzito unafaa ukitaka kunyunyiza unga wa kuyeyuka, ambao ukipashwa moto huinuka na kung'aa kwenye mistari. Mwalimu haupendi unga huo, nami niko upande wake: shamba halimetimeti. Lakini anayetaka kupaka rangi za maji baadaye lazima achague wino usioyeyuka kwa maji, la sivyo uzio wake utatiririka mtoni pamoja na brashi.

Kugonga kwenyewe ni tendo fupi mno. Mkono hushuka wima, hukandamiza, hupanda wima. Anayeyumbisha muhuri, kama tunavyoona kaunta nyingi, hupata kingo za mpira zikiwa zimeacha madoa kuzunguka picha. Muhuri mpana, kama ule wa banda, yeye huulaza chali, akautia wino, akaishusha karatasi juu yake na kuipapasa kwa ncha za vidole, kona hadi kona. Vidole humwambia ni wapi mpira haujashika.

Ustadi hasa, kwa macho yangu, upo kwenye umbali. Aliyesimama Irente, nje kidogo ya Lushoto, akatazama chini Mazinde na nyika inayoendelea mbele yake, anajua jinsi nchi inavyofifia kadiri inavyoenda mbali. Hewa iliyo kati yetu na mlima, pamoja na unyevu na vumbi lake, hutawanya mwanga, na mlima wa tatu huwa wa buluu iliyochujuka kiasi kwamba hujui unapoishia. Mtengeneza kadi ana muhuri mmoja wa msonobari, wa kipimo kimoja, wenye mistari ileile. Atafanyaje msonobari wa mbali?

Huugonga kwanza kwenye karatasi ya taka. Kisha, bila kuongeza wino, huugonga kwenye kadi. Huo wa pili ni hafifu, na jicho huusukuma nyuma lenyewe. Akiugonga tena bila wino mpya, juu kidogo, hupata msonobari wa tatu ulio karibu kuyeyukia ukunguni. Muhuri ni uleule. Kilichobadilika ni kiasi cha wino na pahali pa kuutua. Nilipoona hivyo mara ya kwanza niliomba anirudie, na alinirudia, akicheka.

Ufundi huo una mzee wake. Thomas Bewick alizaliwa mwaka 1753 huko Cherryburn, Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, akaingia uanagenzi kwa Ralph Beilby, mchongaji wa Newcastle, mwaka 1767. Wakati huo picha nzuri za vitabu zilichongwa kwenye shaba, na mbao iliachiwa kazi rahisi rahisi. Bewick alichukua mti mgumu wa boxwood, akauchonga upande wa kichwa cha gogo, pale panapoonekana miduara ya umri wake, kwa patasi nyembamba za wachonga chuma. Upande huo hauna nyuzi za kuivuta patasi kombo, hivyo mstari unaweza kuwa mwembamba kama unywele na kwenda popote mkono unapotaka. Kibao kilifungwa kwenye mashine ya kuchapia pamoja na herufi za risasi, picha na maneno vikatoka kwa pigo moja. Shaba haikuweza hilo.

Umbali aliutatua kwa njia iliyo ndugu na ya mwalimu wangu. Mahali palipotakiwa kuwa milima ya mbali au miti ya ng'ambo, aliukwangua uso wa kibao ukawa chini kidogo kuliko sehemu nyingine. Mashine ilipokandamiza, sehemu hiyo iliguswa kwa wepesi, wino ukaacha kijivu. Mchapaji hakuhitaji kufanya lolote la ziada. Hewa ilikuwa imeshachongwa ndani ya mti.

Kitabu chake cha ndege wa Uingereza kilitoka kwa juzuu mbili, 1797 na 1804. Ndege ni wazuri, lakini mimi hufungua mwisho wa sura, kwenye vipicha vidogo alivyovitia pale ukurasa ulipobaki wazi. Havizidi sana upana wa vidole vinne. Humo mna mvua, mbwa wenye njaa, wasafiri waliochoka, watoto watundu. Kuna mkulima anayevuka mto akiwa ameshika mkia wa ng'ombe ili akwepe ushuru wa daraja, na kofia yake inachukuliwa na maji; kofia, bila shaka, ina thamani zaidi kuliko ushuru. Kuna kimoja ambamo alama ya kidole gumba imeifunika mandhari ya shambani, kana kwamba mchapaji mchafu aliishika karatasi kabla haijakauka. Alama hiyo nayo imechongwa, mstari kwa mstari. Bewick alifariki mwaka 1828, miaka 15 kabla ya Henry Cole wa London kuagiza kwa mchoraji John Callcott Horsley kadi ya kwanza ya Krismasi iliyouzwa madukani. Hiyo ya 1843 haikuwa na kondoo wala theluji. Ilionyesha familia mezani ikinyanyua glasi, na baadhi ya watu walikasirika kuona mtoto naye akinyweshwa mvinyo.

Mpira ulikuja baadaye kidogo kwenye mihuri. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto hauyeyuki juani wala haupasuki kwenye baridi, na kabla ya karne hiyo kwisha ofisi zilikuwa zimejaa mihuri yake.

Turudi mezani, kwani vilima bado. Vilima mwalimu havigongi. Huchukua karatasi ya kawaida, akaichana kwa mkono, polepole, mpaka ukingo wake uwe na mabonde na migongo ambayo hakuna mkasi unaoweza kuibuni. Huilaza juu ya kadi, huchovya kipande cha sponji kwenye wino, hukipunguzia wino pembeni, kisha huzungusha sponji kuanzia kwenye karatasi iliyochanwa kuelekea kwenye kadi. Akiiondoa, pana mgongo wa kilima wenye ukingo mkali juu na unaofifia kuelekea chini, kama ukungu uliolala bondeni. Huisogeza karatasi, akaigeuza kidogo ili kilima cha pili kisifanane na cha kwanza, akarudia kwa wino uliopungua. Vilima vitatu vinatosha. Cha nne huleta msongamano.

Na bwawa, kama lipo, ndilo linalotofautisha fundi na mwanafunzi. Mwanafunzi hugeuza muhuri juu chini na kuugonga chini ya mti ili uwe kivuli chake majini. Hukosea, kwa sababu tawi lililoelekea kushoto sasa linaelekea kulia, na jicho hulihisi kosa hata kama mdomo haulitaji. Fundi huugonga muhuri kwenye kipande cha plastiki laini, kisha hukigeuza kifudifudi na kukikandamiza kwenye kadi wino ukiwa bado mbichi. Picha hutoka imegeuzwa kama katika kioo, na hafifu, kama mambo ya majini yanavyopaswa kuwa. Mpapaso mmoja wa sponji kwa ulalo, na maji yametulia.

Siipendi kila kadi ya mkono. Nyingi zimebebeshwa utepe, vifungo, vipepeo vya plastiki na tabaka za karatasi hadi bahasha inakataa kufungwa. Aliyezitengeneza aliogopa nafasi nyeupe. Kadi bora za mwalimu zina theluthi nzima isiyoguswa, na hiyo ndiyo anga, au ni shamba baada ya mavuno, chagua mwenyewe. Katika nchi ambayo kadi ikibisha mlangoni mtu huuliza kwanza mchango ni shilingi ngapi, kadi isiyodai chochote ni haki ipewe pia nafasi ya kupumua.

Lalamiko langu moja ni mandhari yenyewe. Mwaloni na mnara wa kanisa la mawe ni mashamba ya Bewick, na kwake vilikuwa vya kweli. Alichonga nchi aliyokulia. Katika visanduku vya mihuri nilivyopekua bado sijakuta mgomba, wala nyumba ya mabati yenye tangi jeusi ubavuni, wala ng'ombe aliyefungwa kwenye kijiti kando ya barabara. Mwalimu naye amechoka kungoja, na ameanza kuchonga mihuri hiyo mwenyewe kwenye raba za shule. Huchora kwa penseli laini kwenye karatasi, akaifunika raba na kuisugua. Mchoro huhamia ukiwa umegeuka, na siku ya kugonga hujigeuza tena ukakaa sawa. Kisu hukilaza nje ya mstari, ili kila mstari usimame juu ya kitako kipana. Ukikata kwa kuingia ndani chini ya mstari, mpira hukatika baada ya kugongwa mara chache.

Kwa anayetaka kujaribu, anunue raba nyeupe iliyo kubwa kuliko zote dukani, atafute kisu chembamba chenye makali, na aanze na mgomba. Majani yake ni mapana, mipasuko yake inasamehe mkono unaotetemeka, na shina halina matawi. Akiupata, augonge mbele, auzibe, kisha ndipo afikirie nyumba.