Kina cha Dhahabu: Sarafu ya Dola 20 ya Saint-Gaudens

Sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya Marekani, iliyoitwa Tai Maradufu kwa kuwa ile ya dola 10 ilijulikana kama Tai, ilikuwa imebeba sura iliyochongwa na James Longacre tangu 1850, hadi Rais Theodore Roosevelt, aliyezistaajabia sarafu za Wagiriki wa kale kwa nakshi zao zilizotutumka, alipomtaka Augustus Saint-Gaudens aibuni upya. Chaguo hilo lilikuwa la busara, maana mchonga sanamu huyo, mzaliwa wa Dublin aliyekulia New York, alianza kama mwanagenzi wa kuchonga kameo, yaani vito vyenye sura zilizoinuliwa kidogo tu, kazi inayomfunza mtu kupanga mwanga na kivuli ndani ya kina kisichozidi unene wa ukucha.

Katika karakana yake huko Cornish, New Hampshire, huku saratani ikimdhoofisha na msaidizi wake Henry Hering akibeba sehemu kubwa ya kazi, alimfinyanga Uhuru kama mwanamke anayepiga hatua kumkabili mtazamaji, mwenge mkono wa kulia na tawi la mzeituni mkono wa kushoto, na upande wa pili akamrusha tai juu ya jua linalochomoza. Maneno ya Kilatini ya umoja wa wengi aliyahamishia ukingoni, uso ukabaki na nafasi ya kupumua. Kielelezo hicho kikubwa kilipitishwa kwenye mashine ya kupunguzia, ambayo sindano yake hufuata kila mwinuko huku ncha nyingine ikichonga umbo dogo linalozaa muhuri wa chuma wa kupigia sarafu.

Tatizo lilikuwa kina cha mwinuko huo. Sarafu ya matumizi hupaswa kupata sura kwa pigo moja, ilhali zile za majaribio za 1907 zilihitaji mapigo mengi, zikirudishwa motoni kila mara ili zilainike, na hata toleo lililopunguzwa mwinuko, lililotoka kiasi cha vipande 12,000, lilihitaji mapigo matatu. Charles Barber, mchonga mihuri mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, husimuliwa kama adui wa sanaa kwa kuzidi kuubapaza uso huo, lakini hukumu hiyo ni nyepesi: sarafu isiyotulia juu ya mwenzake kwenye meza ya karani wa benki ni nishani, si fedha. Saint-Gaudens, aliyefariki Agosti 1907, hakuliona toleo hilo la mwisho, ambamo vidole na uso vilififia, lakini mwendo wa mwanamke haukufutika, kwa kuwa ulijengwa katika mkunjo wa vazi na mwelekeo wa goti, wala haukutegemea kina peke yake.

Muundo huo ulidumu hadi 1933, na mwaka 1986 serikali ilimrudisha mwanamke huyo kwenye upande mmoja wa sarafu mpya za dhahabu, baada ya kumkondesha kidogo, rekebisho ambalo hakulihitaji.